Kiingereza ya watoto wadogo: tuanzie wapi?

(Maneno tuliyowaambia wazazi kwenye mukutano wa shirika letu hapa Pweto. Wale ambao hawakufika waliomba tuyaandike. Tumeyaandika karibu vile tulivyoyasema.)



Tunashukuru prezida na komite kwa nafasi hii. Tunaona wamama wengine wametoka mbali na watoto mugongoni, basi hatutakawisha.

Munajua jambo lililotuleta. Kasha ya shirika iko na pesa kidogo iliyotengwa kwa watoto, na wazazi wengi wanaomba ilipie kalasi ya Kiingereza ya wadogo wa miaka 2, 3 na 4. Mwalimu ameonekana, nyumba imeonekana, hata benchi zimeonekana. Inabaki sahihi tu. Lakini komite ilisema: hawa wanaotembea nyumba kwa nyumba na kilo ya kupima watoto, waseme kwanza wameona nini.

Tutaanza na kosa letu wenyewe. Tusipolisema sisi, wengine wenu mutalisema, na mutakuwa na haki.

Wakati mulirudi kutoka Mantapala, miezi ya kwanza, tulipita katika nyumba nyingi tukisema: “Wazazi, musiache Kiingereza ya watoto ipotee. Ongeeni nayo nyumbani.” Tulisema vile kwa roho safi. Kuna mama mumoja alitii kupita wote. Kitinda mimba wake alikuwa na miaka 2, mutoto wa kuimba imba, alikuwa anasikia Kibwile kwa bibi yake, Kibemba kwa watoto wa jirani, Kiswahili kwa baba. Mama akakata neno: kwa huyu mutoto, kuanzia leo, Kiingereza peke yake. Na Kiingereza ya yule mama ilikuwa ile ya kwenye mulongo wa posho na ya kwenye dispansari. Njoo. Kaa chini. Ngoja. Imeisha. Hapana. Bibi hana hata neno moja la Kiingereza, basi bibi akanyamaza. Na ni yeye aliyekuwa anamuhadisia mutoto kila mangaribi.

Miezi tatu nyuma tulirudi na kilo. Uzito wa mutoto ulikuwa muzuri. Lakini haimbi tena, anaonyesha na kidole tu. Tukauliza anasema nini siku hizi. Mama akatuambia kwa furaha: “Anasema ‘come’, anasema ‘sit’, anasema ‘no’, anasema ‘wait’.” Tuliangaliana. Hayo ni maneno ya askari wa barieri. Mutoto wa miaka 2 alikuwa na maneno ya barieri tu, hana neno la kusema tumbo inamuuma, hana neno la kuitia mwezi.

Tulimuomba bibi masamaha, tukamuomba aanze tena hadisi zake. Wakati wa kuvuna mahindi mutoto alikuwa anasema sana mupaka wanamufukuza jikoni. Hatusemi Kiingereza ndiyo ilimuharibia. Kilichomukosekania ni maneno. Mutoto mudogo anahitaji maneno mengi, ya kila namna, kutoka kwa mutu anayemupenda na anayeijua luga ile vizuri. Tulimunyanganya maneno mengi ya bibi, tukamupa matano.

Sasa tuseme juu ya kalasi. Wengine wenu munajua kuna mahali kalasi ya namna hii imeshaanza, hatutataja ni wapi. Tuliomba ruhusa, tukakaa asubuhi moja mule ndani. Watoto wa miaka 3 juu ya benchi, miguu haifike chini, saa moja na nusu bila kutoka. Mwalimu anasema, wao wanarudilia kwa sauti moja. Walihesabu mupaka 20 kwa Kiingereza bila kukosa. Wazazi waliokuwa mulangoni wakapiga makofi, na sisi pia tulipiga, juu inafurahisha kweli. Kisha, wakati wa kutoka, tulimuomba kamoja, kwa Kiswahili, atuletee mawe mbili. Akajaza mukono, akaleta yote. Tukamuomba kwa Kiingereza, akatuangalia, akajibu: “I am fine.”

Musicheke sana, wazazi. Yule mutoto si mujinga. Alijifunza wimbo, na aliujua wimbo wake. Kuhesabu ni kitu kingine, na kuongea na mutu ni kitu kingine tena. Na ile fimbo iliyokuwa juu ya meza, hatukuona ikipiga, lakini macho ya watoto yalikuwa yanaifuata kila mwalimu alipotembea.

Mutatuuliza: kumbe mutoto mudogo hawezi kujifunza Kiingereza? Anaweza. Hapo ndipo tunaomba munisikilize, pardon, mutusikilize vizuri, juu kuna mambo mbili ambayo watu wanachanganya.

Jambo la kwanza ni sikio. Katika mwaka wake wa kwanza mutoto anaweza kutofautisha sauti za luga nyingi za dunia. Akikaribia mwaka 1, sikio linaanza kukaa upande wa luga anazozisikia kila siku, zile zingine linaziachilia. Kule Seattle, Marekani, mutaalamu anaitwa Patricia Kuhl pamoja na wenzake walitoa jaribio moja mwaka 2003 ambalo tunalipenda sana. Walichukua watoto wa miezi 9 kutoka nyumba za Kiingereza. Wachina wakakaa nao chini, wakacheza nao, wakawasomea vitabu kwa Kichina, mara 12, kila mara dakika 25. Basi. Baadaye wale watoto walitofautisha sauti za Kichina ambazo wenzao hawakuweza. Lakini kulikuwa na watoto wengine waliowekewa wale wale Wachina katika televizyo, maneno yale yale, muda ule ule. Hawakupata kitu. Waliosikia sauti tu bila picha, vilevile hawakupata kitu.

Tunasema hii juu tunaona simu katika mikono ya watoto wenu. Mama anapika bukari, anamuwekea mutoto nyimbo za Kiingereza ndani ya simu, anajisemea: ah, anajifunza. Mama, mutoto anatulia, hiyo ni kweli, na sisi wenyewe tuko na watoto, tunajua mutu anavyotafuta dakika 10 za utulivu. Lakini usihesabu kwamba simu inafundisha. Mutoto wa umri ule anajifunza kwa mutu anayemuangalia machoni na kumungojea ajibu.

Jambo la pili ni hili wazo kwamba anayeanza mapema anapita wote. Ndani ya nyumba ambamo luga inaongewa siku nzima, ni vile. Ndani ya kalasi ya saa chache kwa juma, si vile. Kule Barcelona, Uhispania, mwalimu wa chuo kikuu Carmen Muñoz na wenzake walifuata kwa miaka mingi wanafunzi walioanza Kiingereza shuleni na miaka 8, wakawalinganisha na walioanza na miaka 11. Baada ya hesabu sawa ya saa za masomo, katika majaribio mengi wale wa 11 ndio walikuwa mbele. Mutoto mukubwa anajua kusoma, anajua kuuliza, anajua kukamata kanuni. Mudogo anahitaji saa nyingi sana na watu wengi.

Na kumbukeni mulikotoka. Miaka mulipokuwa Zambia, kalasi za kwanza kule zilikuwa zinafundishwa kwa luga ya mahali, na kwa upande wa Luapula ni Kibemba. Kiingereza ilikuwa somo kati ya masomo. Ilianza kuwa luga ya kufundishia katika kalasi ya 5. Wazambia wenyewe, ambao Kiingereza ndiyo luga ya serikali yao, hawakuwaketisha wadogo wao kwenye benchi na kuwafunga luga ya bibi. Na hapa kwetu, sheria ya elimu ya mwaka 2014 inasema masomo ya kwanza ya primeri yatolewe kwa luga ya taifa ao luga ya mahali. Kwetu ni Kiswahili. Kifaransa kinangojea mbele, hakuna atakayekikwepa. Kwa hiyo, mutoto wa miaka 2 munayetaka kumupeleka kalasi, hesabuni: Kibwile ao Kitabwa, Kibemba, Kiswahili, na Kifaransa njiani. Kichwa chake hakitajaa, musiogope hiyo. Watoto wa mipakani wanabeba luga tatu, ine, bila shida. Akichanganya maneno mawili ya luga mbili ndani ya sentensi moja, hajapotea, anatumia yale aliyonayo. Hata sisi, angalieni vile tunavyoongea hapa.

Sasa tufikie neno ambalo lilitushinda kulala.

Tuliuliza nyumba nyingi: juu ya nini Kiingereza, na juu ya nini mapema hivi? Wengine walisema inchi yetu imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kazi zitakuja kwa wanaojua Kiingereza. Ni kweli inaweza kusaidia. Wengine walisema biashara ya samaki na Wazambia. Hapo turuhusuni tucheke kidogo, juu yule mama wa Chienge anayenunua chisense yenu, Kiingereza haongee, anawapunguzia bei kwa Kibemba, na nyinyi munamupandishia kwa Kibemba. Lakini mama mumoja alituvuta pembeni, akasema hivi:

“Shiye tulikimbia 2017 bila kuyua hata neno moja. Kule Kenani banakuuliza, unabaki tu kubaangaria. Bwana yangu banamuandika jina haiko yake, mupaka leo iko mu karatasi. Miye nataka huyu mutoto, kama vita inarudia, akuwe na kinywa.”

Tulikosa jibu siku ile. Wengi hapa wanainamisha kichwa, kwa hiyo yule mama hayuko peke yake. Tuseme wazi: wazazi wengi hawatafutie watoto Kiingereza ya kazi. Wanawatafutia Kiingereza ya kukimbilia. Hatuwezi kuwaambia vita haitarudi. Hatuna nguvu ile.

Lakini tulifikiri sana juu ya neno lake, na tunamujibu leo mbele ya wote. Mama, kama siku ile mbaya ikifika, mutoto wa miaka 2 hatakuwa kinywa cha nyumba. Kinywa cha nyumba ni dada yake wa miaka 13. Na huyo dada, Kiingereza ameshakuwa nayo. Aliipata Mantapala, ndani ya kalasi, kwa miaka. Na ni yeye tunayemuacha aipoteze.

Munawajua hao wasichana na vijana. Wamerudi, shule ikawatazama Kifaransa, ikawashusha kalasi mbili, tatu. Musichana mwenye maziwa kifuani anakaa na watoto wa kalasi ya tatu, magoti yanagonga dawati. Wanamucheka. Kiingereza yake hakuna anayemuuliza. Wengine wameshaacha, wanakaanga mikate, wengine wameolewa. Luga isiyoongewa inakauka, na kwa mutoto inakauka mbio kuliko kwa mukubwa. Tulikutana na kijana ambaye alipofika alitutafsiria kwa wageni bila kutetemeka. Mwaka mumoja nyuma tulimusalimia kwa Kiingereza, akatafuta jibu, akalikosa, akaondoka na haya.

Basi, ombi letu kwa komite ni hili. Pesa ya Kiingereza musiiweke kwa wadogo. Iwekeni kwa hao wakubwa, na wao waipeleke kwa wadogo. Primeri ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari inalipwa, na ndipo wasichana wanaangukia. Shirika liwasaidie minervali ya sekondari kwa wale wanaotoka Zambia na wako tayari kufanya kazi kidogo na watoto, mara mbili kwa juma, nyuma ya masomo. Na yule mwalimu aliyeonekana, tumeongea naye, anajua Kiingereza ya kitabu vizuri. Tumupe hao wakubwa awasaidie kusoma na kuandika isipotee. Kwa chaki yake, pale ndipo mahali pake. Alikubali, lakini hakufurahi sana, tuseme ukweli.

Na wale dada watafanya nini na wadogo? Hapa tuwaonyeshe, juu tumeshajaribu na nyumba chache kwa majuma kadhaa.

Kwanza hakuna benchi. Ni mukeka chini ya muembe, watoto wachache kwa dada mumoja, sita wakizidi sana. Mama ao bibi anakaa pale pale. Hiyo hatutaigeuza: watoto hawaachwe na mutu mumoja peke yake, hata awe dada mwema namna gani, na fimbo haifike kwenye mukeka.

Wanaanza na kunawa mikono. Dada anashika sabuni, anasema “soap”. Anamimina maji, anasema “water”. Anasema pole pole, anamuangalia mutoto, hasemi “rudilia”. Kesho yake vile vile. Siku moja anashika sabuni na kunyamaza, anangoja. Kuna mutoto atalisema. Mwengine atangoja majuma sita. Huyo wa majuma sita musimulazimishe, anasikiliza. Mutaalamu mumoja wa California, James Asher, tangu miaka ya 1960 alionyesha kwamba mutu anayeambiwa “simama, kaa, gusa pua, lete kopo” na kufanya kwa mwili, anaishika luga kabla hajafungua kinywa. Hiyo wamama munaijua bila kusoma California. Mutoto wako alileta kijiko ulipomutuma, hata kabla hajajua kukitaja.

Kisha muchezo. Kopo ndani ya ndoo, kopo inje ya ndoo. Jiwe moja, mawe mbili, ndani ya mukono wake, si ndani ya wimbo tu. Wimbo pia uko, ule wa kugusa kichwa na mabega na magoti, watoto wanaupenda mupaka wanaangukiana. Kisha uji. Wakati wa uji dada anauliza kama anataka tena, mutoto anajibu “more”, na hapo neno linafanya kazi ya kweli, juu uji unaongezeka. Tuliona kamoja kalikaa kimya siku ngapi, neno lake la kwanza la Kiingereza lilikuwa lile. Ni akili.

Muda wote haupite nusu saa. Mutoto akiondoka kufuata kuku, muache afuate kuku. Dada mumoja alitushangaza: alikimbia naye nyuma ya kuku, akasema jina la kuku kwa Kiingereza, wakarudi pamoja. Hatukumufundisha hiyo.

Na mwisho wa mukeka ni bibi. Hadisi moja kwa Kibwile ao Kitabwa, kila mara. Tunaliweka hapo makusudi, tunajua ni juu ya nini.

Kulikuwa na baba mumoja aliyesimama kwenye mukutano uliopita akatuambia: “Mweye mulisoma, sasa munataka batoto betu babakie nyuma.” Baba, tulikusikia. Hatuwaambii watoto wasijifunze. Na hatutawaahidi kitu kikubwa: mutoto wa mukeka, akifika miaka 5, hatahutubia mutu kwa Kiingereza. Atakuwa na maneno labda hamusini anayoyaelewa kweli, sikio ambalo limezoea, na hataogopa. Wazazi wanaotaka wahesabu mupaka 20 mbele ya wageni hawatapata hiyo kwetu. Baba akiona haitoshi, anaweza kukataa, kasha ni yenu.

Komite itapiga kura leo nyuma ya hesabu. Yoyote itakayotoka, mukeka wa kwanza unaendelea siku ya posho, saa tisa ya nyuma ya mangaribi, hapana, tusamehe, saa tisa ya mchana, chini ya muembe wa nyumba ya mama prezida. Mulete ndoo moja, makopo ambayo hayana kona kali, na sabuni kama iko. Unga wa uji tuko nao wa mwezi huu. Wale dada ambao majina yao yamekosekana kwenye liste wajiandikishe kwa sekretere kabla ya kutoka, na waandike jina lao wenyewe kwa mukono wao, lisikosewe.